Shajara ya mradi: mvinyo upewe hewa au uachwe?

Siku ya 1

Shemeji amekuja na dekanta. Kwa asiyeijua, ni chombo cha kioo chenye shingo ndefu na tako pana, kama kibuyu kilichokaliwa. Unamimina humo chupa nzima ya mvinyo ili ukutane na hewa kabla ya kunywewa. Ameleta pia kidude cha kushika juu ya glasi. Mvinyo ukipita ndani yake hukoroma kama sinki linalomaliza maji. Vyote ni zawadi, kwa hiyo siwezi kusema sana. Ila wakati wa kuondoka aliacha na amri: "Shemeji, kuanzia leo mvinyo mwekundu usinywewe humu ndani kabla haujapumua saa nzima."

Saa nzima! Sisi si watu wa kulaza chupa miaka kumi. Tunafungua moja mwisho wa juma, mara nyingi mvinyo mchanga wa mwaka mmoja hadi mitatu, tunakunywa glasi mbili mbili, basi. Nikamuuliza anajuaje kwamba hiyo saa inasaidia. Akasema ladha anaisikia mwenyewe. Nikamuuliza kama aliwahi kuonja bila kujua glasi ipi ni ipi. Akacheka, akavaa viatu.

Nimefungua daftari. Ukurasa wa kwanza una maswali mawili, na nimeyatenganisha makusudi. La kwanza: mtu ambaye hajaambiwa kitu, anaweza kutambua mvinyo uliopigwa hewa? La pili: akiutambua, anaupenda kuliko ule mwingine? Nimeona watu wengi wanaruka moja kwa moja hadi la pili, wakati la kwanza halijajibiwa.

Siku ya 2

Nimesoma kutwa. Ubishi huu una umri. Louis Pasteur, mwanasayansi wa Kifaransa, katika kitabu chake kuhusu mvinyo cha mwaka 1866, alionyesha kwa mirija ya kioo iliyozibwa kwamba mvinyo uliofungiwa pamoja na hewa hubadilika rangi na kuacha mashapo, na ule usio na hewa hubaki karibu kama ulivyokuwa. Akahitimisha kwamba oksijeni ndiyo inayokomaza mvinyo. Ila mirija ya Pasteur ilikaa majuma. Shemeji anazungumzia saa moja.

Upande wa pili yuko Émile Peynaud, mtaalamu wa mvinyo wa Bordeaux aliyefariki mwaka 2004, mmoja wa watu walioibadilisha kabisa namna mvinyo unavyotengenezwa Ufaransa. Yeye alishikilia kwamba mvinyo usio na kasoro haufaidiki na hewa ya ziada. Sababu halisi ya kuuhamisha kwenye chombo kingine, kwa maoni yake, ni kuutenganisha na mashapo, na hata hapo ufanye wakati wa kunywa umeshafika. Kukawia ni kutawanya harufu iliyokuwa ikusubiri wewe.

Kabla sijaonja kitu nimeshaondoa njia moja kwa hesabu tu: ile ya kung'oa kizibo na kuiacha chupa mezani "ipumue". Tundu la shingo ya chupa lina kipenyo cha karibu sentimita 1.85. Uso wa mvinyo unaogusana na hewa hapo ni kama sentimita 2.7 za mraba, upana wa kitufe cha koti. Dekanta ya shemeji ina upana wa sentimita 20 chini, yaani sentimita 314 za mraba. Zaidi ya mara mia moja. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa wima haipumui, inasubiri tu. Kama unataka hata kuanza kupata kitu, mimina glasi moja kwanza ili mvinyo ushuke hadi kwenye tumbo la chupa. Kwa hiyo njia hiyo haitajaribiwa.

Siku ya 5

Jaribio la kwanza. Nimetumia kinachoitwa jaribio la pembetatu: mwonjaji anapewa glasi tatu, mbili zina kitu kimoja, ya tatu ina kingine, naye anatakiwa kuitoa iliyo tofauti. Uzuri wake ni kwamba mtu asiyejua chochote anapatia mara moja katika tatu, basi tunajua bahati peke yake inatoa nini. Ukifanya mizunguko 12, bahati inakupa 4. Ili useme kuna jambo, unahitaji 8, idadi ambayo bahati peke yake huifikia mara chache sana.

Hesabu ya mvinyo nayo imekubali vizuri kuliko nilivyotarajia. Glasi tatu kila mzunguko, mililita 20 kila glasi, mizunguko 12: mililita 720. Chupa ni 750. Nimefungua mbili, basi zinazobaki ni za mpishi.

Waonjaji ni wanne: shemeji, wifi, mume wangu, nami. Mizunguko mitatu kila mtu, maji katikati, na kikombe cha kutemea. Wifi karibu hanywi kabisa, amekuja kwa udadisi. Mvinyo ni Cabernet Sauvignon mchanga, mwekundu wa kukaza ulimi. Chupa mbili za aina moja: moja nimeihamishia kwenye dekanta saa moja kabla, nyingine nimeifungua dakika hiyo hiyo.

Matokeo: 9 kati ya 12.

Shemeji alisimama. Alipiga makofi. Akaniambia nifunge daftari.

Siku ya 6

Sijalala vizuri. Si kwa sababu ya mvinyo, tulitema mwingi. Kuna kitu wifi alisema akiwa anaosha glasi: "Ile tofauti nilikuwa naijua hata kabla ya kunusa, wifi. Ilikuwa na joto midomoni."

Asubuhi nimerudia hatua zote bila kuonja, kwa kipimajoto tu. Chupa iliyofungwa ilikuwa kabatini, nyuzi 17 za Selsiasi. Dekanta ilikaa saa nzima karibu na jiko, mvinyo ukafika nyuzi 23. Nyuzi sita! Hapo hata usingekuwa na pua ungejua. Mvinyo wa nyuzi 23 unarusha pombe puani na unaonekana mlaini, mzito, mtamu kidogo. Wa nyuzi 17 unasimama wima na ukakasi wake unajitokeza. Tulikuwa tumejaribu jiko, si hewa.

Jaribio la kwanza nimelifuta kwa mstari mwekundu. Na chupa zilikuwa mbili tofauti, jambo lingine la kipumbavu, maana chupa mbili za kreti moja zinaweza kutofautiana kwa sababu ya kizibo tu.

Nimemtumia shemeji ujumbe. Amejibu kwa neno moja ambalo halifai kuandikwa kwenye shajara.

Siku ya 8

Nimejenga upya. Sasa kila jaribio linatoka chupa moja. Nikiifungua, nusu inakwenda kwenye dekanta, nusu nyingine inajaza pomoni chupa ndogo ya kioo na kufungwa kwa kifuniko. Vyombo vyote viwili vinakaa ndani ya beseni moja la maji ya nyuzi 17. Glasi zimezungushiwa karatasi ili rangi isionekane, na taa imefifishwa.

Halafu suala la nyuso. Nikimimina mimi na kuwabebea waonjaji mimi, macho yangu yatasema. Basi mume wangu anamimina jikoni na kuandika namba chini ya glasi, jirani anazibeba bila kujua namba zina maana gani, mimi naonja kama wengine. Mume wangu amepoteza haki ya kuonja na amelichukua kishujaa.

Jambo moja lilinichelewesha nusu siku, nami nalieleza kwa sababu ndilo kiini cha mradi mzima. Hakuna mvinyo usio na hewa. Kuujaza ule wa chupa ndogo ni kuumimina, na kumimina kunaingiza oksijeni. Kuumimina kwenye glasi kunaingiza nyingine. Glasi yenyewe ni dekanta ndogo: mililita 100 katika glasi pana zina uso mkubwa ukilinganisha na ujazo wake, na kila anayezungusha glasi kabla ya kunusa anaupiga hewa bila kujua. Kwa hiyo hatulinganishi hewa na ukosefu wa hewa. Tunalinganisha hewa ya kawaida, ile ambayo mtu yeyote anaipata kwa kunywa tu kama binadamu, na hewa ya ziada ya saa nzima. Swali limekuwa dogo zaidi, na la haki zaidi.

Siku ya 9

Mizunguko 24, jioni mbili, aina mbili za mvinyo mwekundu: ile Cabernet Sauvignon, na Tempranillo laini zaidi. Bahati ingetupa 8. Ili tuseme kuna jambo tulihitaji 13.

Tumepata 9.

Shemeji, 2 kati ya 8. Amesema pua yake ina mafua.

Siku ya 11

Siku mbili za kutafuta sababu, kwa kuwa "hatukuona tofauti" si maelezo. Kila ninayemuuliza ananiambia hewa "inalainisha tanini". Tanini ndizo zinazoleta ukakasi, ule mkazo wa ulimi na fizi unaoupata pia kwenye ndizi mbichi au chai iliyokolea: zinashikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, mdomo unakauka. Ni kweli oksijeni inabadilisha tanini. Tatizo ni mwendo wake.

Mvinyo wa nyuzi 20 ukishiba hewa unabeba kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita, zaidi kidogo au chini. Kwanza kiasi hicho ni kidogo. Pili, oksijeni ikishaingia haiwahi kuzivamia tanini mara moja. Inapitia kwenye chembe za chuma na shaba zilizomo, hatua kwa hatua, na mvinyo mwekundu huchukua siku, pengine majuma, kuimaliza shehena hiyo moja. Yale maunganisho yanayobadilisha ukakasi kwa kweli yanafanyika kwenye pipa na kwenye chupa, kwa miezi na miaka. Katika saa moja ya dekanta, kikemia, tanini hazijajua kama mlango umefunguliwa.

Basi mbona watu wengi, mimi mmoja wao, tunaapa kwamba glasi ya pili ilikuwa laini kuliko ya kwanza? Nina washukiwa wawili, wote hawana uhusiano na oksijeni. Mvinyo umepata joto kidogo mezani. Na sisi tumeshaanza kula; protini na mafuta ya chakula hushughulika na tanini kabla hazijafika kwenye mate. Mvinyo haujabadilika. Mdomo ndio uliobadilika.

Kinachoweza kubadilika upesi ni vitu vyepesi, vile vinavyoruka vyenyewe mvinyo ukipanuliwa uso: gesi zilizobaki kutoka kwenye uchachishaji, sehemu ya dioksidi ya salfa iliyotiwa ili kuulinda, na baadhi ya harufu, nzuri na mbaya bila ubaguzi. Maana yake, kama kuna mvinyo utakaofaidika katika saa moja, ni ule uliobeba kitu chepesi ambacho hukitaki. Natafuta chupa inayonuka.

Siku ya 13

Imepatikana, tena bila kutafuta sana. Syrah yenye kifuniko cha kusokota. Nimeifungua, wifi akiwa upande wa pili wa meza: "Wifi, yai hilo."

Yai viza, pamoja na kijiti cha kiberiti kilichotoka kuzimwa. Nimefurahi kama mtu aliyeokota pete.

Maelezo yake yanajulikana vizuri. Hamira ikikosa chakula cha kutosha wakati wa uchachishaji, hasa naitrojeni, hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza. Pua ya mtu inaisikia ikiwa mikrogramu moja au mbili tu kwa lita. Ikikaa inaweza kuzaa ndugu zake, mekaptani, wenye harufu ya kabeji iliyochemshwa, kitunguu au mpira. Kifuniko cha kusokota chenyewe hakisababishi uvundo huu; kinachofanya ni kuziba barabara, na ulichofungia ndani unakikuta ndani. Syrah ina sifa ya kuelekea huko kuliko zabibu nyingine nyingi.

Na hapa dekanta ilifanya kazi. Mizunguko 12, majibu sahihi 10. Nilipowauliza wanapenda ipi, wote walichagua iliyopigwa hewa. Haidrojeni salfaidi huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa hiyo kubaki ndani ya kimiminika cha nyuzi 17 ni kama kulazimishwa; ukiipa uso, inaondoka.

Shemeji alikuwa ameshaanza kunyoosha mikono. Nikamwomba asubiri, kwa sababu swali la mtu wa kawaida si "dekanta inafanya kazi?" bali "inafanya kazi kuliko nini?" Nilikuwa na chupa ya pili ya Syrah hiyo hiyo, nayo inanuka vile vile. Nusu kwenye dekanta kwa saa moja. Nusu nyingine nikaifungia, kisha kila mwonjaji alipoletewa glasi tatu alitakiwa kuzungusha kila moja kwa nguvu, sekunde 30, saa ya ukutani ikihesabu, ndipo anuse.

5 kati ya 12. Bahati ingetoa 4.

Saa nzima ya kioo kizuri ikalingana na sekunde 30 za kifundo cha mkono.

Mwisho wa jioni tulifanya mchezo wa shaba. Kipande cha waya wa shaba, kimesuguliwa na kuoshwa, kikakorogwa ndani ya glasi inayonuka. Harufu ya yai iliondoka kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi. Shaba inaishika salfa na kuifunga, hivyo huhitaji hata kusubiri iruke. Glasi hiyo tuliimwaga. Tulikuwa tunatafuta jibu, si kinywaji. Ni kipimo kizuri lakini: kama shaba imesafisha harufu, tatizo lilikuwa salfa. Kama shaba haikusaidia, huenda mekaptani zimeshaungana mbili mbili, na hizo ni nzito, hazishikwi na shaba wala hazitoki kwa hewa. Hapo umeshachelewa.

Siku ya 14

Chupa iliyokusudiwa kwa leo imeharibika. Harufu ya boksi lililolowana, ya stoo iliyofungwa mwaka mzima. Hiyo ni kasoro ya kizibo, inaletwa na kitu kiitwacho trikloroanisoli kwa nanogramu chache tu katika lita. Kwa ajili ya rekodi niliitia dekanta saa mbili. Haikupungua hata chembe. Kusema kweli iliniudhi zaidi, maana vile vijiharufu vya matunda vilivyokuwa vinaificha vilikuwa vimeondoka, ikabaki yenyewe ukumbini inajitawala. Nimeimwaga.

Siku ya 16

Mvinyo mweupe, Sauvignon Blanc, mchanga kabisa. Wifi peke yake, kwa sababu ndiye mwenye pua, na kwa sababu wengine wamechoka kutema.

6 kati ya 6. Ndilo jaribio pekee la mradi mzima ambalo halikukosa hata mara moja, na limekwenda upande ambao shemeji hakuutaka. Wifi alitambua uliopigwa hewa kwa ulimi kabla ya pua. Mvinyo mweupe mchanga hubeba kaboni dayoksaidi kidogo iliyobaki, si ya kutoa mapovu, ya kuchachatika tu ncha ya ulimi, na hiyo ndiyo inayoupa uchangamfu. Saa moja ya dekanta ikaimaliza. "Huu umelala," alisema, akausukuma pembeni.

Harufu ya pasheni nayo ilikuwa imefifia. Hili limenifurahisha kwa namna ya pekee, kwa sababu harufu ile ya pasheni na balungi katika Sauvignon Blanc inatokana nayo na salfa, jamaa ya mbali ya yule wa yai viza. Familia moja, mmoja mhuni, mwingine mwimbaji. Ukifungua madirisha kumfukuza mhuni, usishangae mwimbaji naye akitoka.

Siku ya 17

Kidude kinachokoroma. Kimeundwa juu ya kanuni ya Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano wa karne ya 18: kimiminika kikipita pembamba kinakwenda kasi, msukumo wake unashuka, na hewa inafyonzwa ndani kupitia vitundu vya pembeni. Ni fizikia ya kweli. Tumepata 6 kati ya 12 kwenye Tempranillo, pungufu ya 8 tunazohitaji, na nilipochunguza nimegundua 3 kati ya hizo 6 ni za shemeji, ambaye alikuwa anatafuta mapovu kwenye ukingo wa glasi badala ya kuonja. Amekiri bila aibu.

Blenda pia. Wazo si langu: Nathan Myhrvold, aliyewahi kuwa mkuu wa teknolojia wa Microsoft kabla ya kugeukia sayansi ya mapishi, ndiye aliyelitangaza, sekunde 30 hadi 60 kwa kasi ya juu. Tumefanya kwa chupa ya kawaida. Povu la waridi hadi kwenye kifuniko, mume wangu akatoka jikoni asione. Povu lilipotulia, 2 kati ya 6. Chombo kikaoshwa.

Siku ya 19

Leo nimefanya jambo ambalo si la kiungwana, na shemeji ameshanisamehe. Nimemimina mvinyo mmoja, jagi moja, kwenye glasi mbili. Nikamwambia mbele ya macho yake kwamba ya kushoto imetoka kwenye dekanta na ya kulia imefunguliwa sasa hivi. Aliyaeleza mambo ya kushoto dakika tatu: imefunguka, ina kina, ukakasi umetulia. Ya kulia "bado imekunja ngumi".

Simcheki. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ni watu waliokuwa wanasomea kazi hiyo. Mwaka 2008 wengine walioonja mvinyo ule ule wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo walisema unapendeza zaidi walipoambiwa ni wa bei kubwa, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilionyesha shughuli zaidi. Yaani hawakuwa wanadanganya. Walifurahi kweli.

Hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Kama shemeji anafurahi zaidi mvinyo ukitoka kwenye kioo kizuri, raha yake si bandia kwa sababu tu chanzo chake ni macho. Dekanta mezani inapendeza, nakiri. Ninachokikataa ni ile saa ya kusubiri inayouzwa kama kemia, na mgeni anayeanza kuona haya kwa sababu amemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Siku ya 20

Nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, maana watu wa nyumbani wameanza kuniuliza swali lile lile kila mwisho wa juma. Inasema: mimina kidogo, nusa. Hainuki? Kunywa. Inanuka yai au kiberiti? Zungusha glasi kwa fujo, nusa tena. Ikibaki kidogo na watu ni wengi, basi ndiyo, mwaga chupa yote kwenye jagi lolote, hata la juisi, urudishe. Boksi lililolowana? Usihangaike. Mweupe mchanga, uache. Chupa ya zamani yenye mashapo, isimamishe wima siku moja kabla, uihamishe taratibu mbele ya mwanga, usimame mashapo yakifika shingoni, na mnywe pale pale, kwa kuwa harufu za mvinyo mzee hazina nguvu za kusubiri.

Chini kabisa, kwa herufi kubwa, nimeandika FRIJI. Mvinyo mwekundu uliokaa kwenye chumba chenye joto, dakika 20 za friji zimeuokoa mara nyingi kuliko vifaa vyote vya mradi huu. Tofauti ya joto tulipata 9 kati ya 12 bila kuikusudia. Tofauti ya hewa tuliitafuta kwa mizunguko 24 hatukuipata.

Siku ya 22

Shemeji amekuja na chupa yake na masharti yake. Mvinyo wa Nebbiolo, zabibu yenye ukakasi mkali, kwa madai kwamba mimi nilichagua mvinyo mlaini ili nishinde. Hoja yake ni ya haki na nimekubali. Dekanta saa mbili, siyo moja. Yeye anamimina, jirani anabeba, mimi ndiye mwonjaji pekee. Mizunguko sita, ninahitaji 5.

Nilinusa kama mbwa wa mpakani. Mzunguko wa tatu niliapa kabisa, nikamwambia aandike pembeni kwamba nina uhakika. Harufu ya waridi ilikuwa wazi, ukakasi umeshuka, hata mwili wa mvinyo umebadilika.

Nimepata 2, na ule wa tatu haumo. Shemeji ameomba kalamu ayaandike matokeo hayo mwenyewe, kwa mkono wake, akachora duara juu ya neno "uhakika". Kisha akamimina iliyobaki, dekanta kwake, chupa kwangu.

"Shemeji, wako una baridi?"

Nikapima. Nyuzi 17, wote wawili.